Mkopo nilimaliza Januari 2024, leo wananidai 347,000. Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

FundiSare wa Tandika aliandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Tandika, nyuma kidogo ya soko. Nashona sare za shule, na msimu wangu mkubwa ni Desemba na Januari. Naomba mnisome hadi mwisho, maana mambo ni mengi na usingizi sina.

Agosti 2023 nilikopa 900,000 kwenye kampuni moja ya mikopo midogo huku huku Temeke. Jina siliweki. Nilitaka kununua ovaloki ya mtumba na majora ya kitambaa cha sketi za buluu kabla bei haijapanda Kariakoo. Masharti yalikuwa marejesho 24, kila Jumatatu 45,000, jumla 1,080,000. Dhamana ilikuwa kadi ya bodaboda ya mume wangu. Rejesho la kwanza lilikuwa tarehe 14 Agosti na la mwisho tarehe 22 Januari 2024. Sikuruka hata moja. Kuna wiki nilichukua unga kwa mkopo dukani ili ile 45,000 isiguswe.

Afisa mikopo wetu alikuwa kijana mpole. Kila Jumatatu saa nne asubuhi anafika, anakaa kwenye stuli ya wateja, anachukua kitabu changu cha marejesho, anaandika tarehe na kiasi, anasaini. Marejesho mengi nilipitisha kwenye lipa namba ya kampuni. Ilipofika Desemba akasema lipa namba inasumbua, nimtumie kwenye namba yake, yeye ataingiza ofisini. Nikamtumia tarehe 4, tarehe 11 na tarehe 18. Ya wiki ya Krismasi nilimpa mkononi tarehe 26, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimelipwa fedha za oda. Zote aliandika kitabuni mbele yangu. Januari lipa namba ikakaa sawa, nikamalizia nne zilizobaki.

Alhamisi tarehe 25 Januari nilikwenda ofisini kwao na mume wangu. Tukasaini kwenye daftari lao kubwa, tukakabidhiwa kadi yetu. Nikaomba barua ya kumaliza deni. Dada wa mapokezi akasema printa haina wino, nipite wiki ijayo. Nilipita mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Mama, kadi si umepewa? Barua ya nini tena?" Nikaona kweli, nikaenda zangu.

Sasa wiki mbili zilizopita nikapigiwa na namba ngeni. Mwanaume anasema yeye ni wa kukusanya madeni, nina marejesho manne sijalipa, 180,000, na faini 167,000. Jumla 347,000. Nilimweleza kwa adabu kwamba nilimaliza. Akanijibu, "Kila mdaiwa anasema amemaliza." Kesho yake meseji ikaja: nisipolipa kufikia Ijumaa hii watakuja na gari na askari kubeba cherehani. Kilichoniuma zaidi, meseji hiyo hiyo walimtumia mama mkwe wangu aliyeko Mkuranga, na Mwalimu Mkuu wa shule inayonipa tenda ya sare. Namba zao niliziandika mwenyewe kwenye fomu ya mkopo, palipoandikwa watu wa karibu. Mwalimu Mkuu hajaniambia kitu. Alinisomea tu ile meseji kwenye simu, akanyamaza. Sijui nifanye nini na ukimya ule.

Kitabu ninacho. Nilikiweka kwenye kopo la vifungo, ndani ya mfuko wa nailoni. Mvua za Aprili 2024 maji yaliingia ndani, kopo likaelea, na mfuko kumbe ulikuwa na tundu. Jana usiku nilikitoa nikakifungua karatasi moja moja kwa ncha ya sindano, maana zilikuwa zimegandana. Agosti hadi Novemba panasomeka vizuri. Ukurasa wa Desemba wino umesambaa kama buluu ya kufulia kwenye maji. Tarehe 4 inaonekana, 11 inaonekana nusu, 18 hakuna kitu kabisa, 26 inaonekana kiasi na saini. Ukurasa wa mwisho yule kijana aliandika IMEISHA kwa kalamu nyekundu, akapiga mistari miwili chini. Muhuri haupo. Meseji za malipo sina, simu niliyokuwa nayo wakati ule iliangukia kwenye ndoo.

Leo yule mtu kapiga tena, sauti imekuwa laini. Anasema nilipe 100,000 tu, nisaini karatasi ya makubaliano, faini watafuta na wataniacha. Mume wangu anasema tulipe tupumzike. Mimi moyo unakataa, ila naogopa cherehani zangu. Nisaini au nisisaini?

Mtoto wa Buguruni akajibu:

Pole sana mama. Hiyo ndiyo mikopo kausha damu tunayoimbiwa kila siku. Usilipe hata mia. Nenda polisi kafungue kesi ya utapeli, mambo yaishe.

Kiroba Cha Chumvi akajibu:

Mama, mimi nakuambia kilichonikuta. Nilikuwa na mkopo wa kuku kule Gongo la Mboto, nikamaliza, wakaja wakasema imebaki 60,000. Nikaona aibu ya majirani ni kubwa kuliko elfu sitini, nikalipa. Sikudai risiti maana nilitaka tu waondoke mlangoni. Baada ya miezi mitano akaja mwingine na karatasi nyingine, 85,000. Nilipomwambia nimeshamlipa mwenzake akasema, "Kama deni halikuwepo, kwa nini ulilipa?" Nilikosa neno. Hadi leo nikikumbuka sentensi ile napandwa na joto. Mwambie shemeji kwamba huko anakotaka kupumzika mimi nimeshafika, na sikupumzika.

Nilikuwa Field akajibu:

Dada FundiSare, nimefanya kazi ya afisa mikopo miaka mitano, Mbagala kwanza kisha Gongo la Mboto. Kazi niliacha. Hadithi yako naijua kutoka upande wa pili wa meza, kwa hiyo ngoja nikueleze kinachowezekana kuwa kimetokea.

Afisa ana malengo ya makusanyo kila siku. Jioni kuna mteja hajalipa na meneja anataka hesabu ifunge. Afisa anachukua rejesho la mteja mzuri kama wewe anaziba pengo la mteja mkorofi, akijiambia wiki ijayo atarudisha. Wiki ijayo lipo pengo lingine. Wengine wanakula kabisa, lakini wengi huanza kwa kuziba. Dalili yake ni ile ile, "lipa namba inasumbua, nitumie kwangu." Ukisikia hivyo kwa wiki nne mfululizo, ujue fedha haijafika ofisini. Kitabu chako kinasainiwa, mfumo wa ofisi hauoni kitu. Halafu Januari umelipa kwa lipa namba, imeingia. Kwa hiyo ukipiga mahesabu, marejesho manne wanayokudai ni yale yale ya Desemba. 45,000 mara nne ni 180,000. Umeona?

Na ile faini ya 167,000 hakuna mtu aliyekaa akaihesabu. Mfumo unajiongeza wenyewe kadiri siku zinavyopita. Afisa ameshaondoka, mkopo unahesabiwa umelala, unakusanywa na mingine kama huo kwenye orodha moja ndefu, orodha inapewa mkusanyaji wa nje anayelipwa asilimia ya atakachopata. Huyo anayekupigia ana mstari mmoja tu: jina lako, namba yako, 347,000. Kitabu chako hajawahi kukiona. Kushuka kutoka 347,000 hadi 100,000 kwa siku chache ni kwa sababu hiyo, kwake chochote kitakachopatikana ni faida.

Sasa nikuambie kitu ambacho wewe umekipita haraka. Kadi ya pikipiki. Pale nilipofanya kazi, dhamana haikutoka kabatini mpaka meneja wa tawi aangalie salio na kusaini. Afisa peke yake hawezi. Ule ukurasa wa daftari kubwa mliosaini tarehe 25 Januari ndio barua yako ya kumaliza deni, ila wanao wao. Waombe kopi yake kwa maandishi. Waombe pia taarifa ya mkopo wako inayoonyesha kila rejesho na tarehe lilipoingia. Hapo utaona Desemba imekatika na Januari imeendelea, na utawauliza: mlitoaje dhamana ya mtu mwenye marejesho manne nje?

Na meseji za simu zisikuumize kichwa. Miamala haikai kwenye simu iliyoanguka kwenye ndoo, iko kwa mtandao. Nenda duka la huduma la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, laini iwe imesajiliwa kwa jina lako, omba taarifa ya miamala ya Desemba 2023 yenye muhuri wao.

Mtoto wa Buguruni akajibu:

Kaka Field, kwa hiyo na wewe ulikuwa unaziba mapengo?

Nilikuwa Field akajibu:

Mara mbili, na nilirudisha. Lakini ndiyo sababu niliacha. Kuna mama wa genge Mbagala nilimwangalia usoni akinihesabia sarafu za mia mia na mia mbili mbili, na nilijua zinakwenda kuziba la mtu mwingine. Usiku ule sikula. Namjibu huyu dada kwa sababu ya yule mama.

Msaidizi wa Sheria Kinondoni akajibu:

Mama FundiSare, shikamoo kama umenizidi umri. Nasaidia kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Nitajibu lile swali lako kwanza: usisaini, na usilipe hata shilingi elfu tano "ya kuonyesha nia njema".

Sababu yake ni hii. Sheria ya Ukomo inampa mdai wa mkataba miaka sita ya kwenda mahakamani. Ukikiri deni kwa maandishi na saini yako, au ukilipa sehemu yake, muda huo unaanza kuhesabiwa upya. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba leo hoja yako ni "nililipa", na ushahidi wako ni mzuri. Ukisaini ile karatasi, utakuwa na karatasi mbili zinazopingana, kitabu kinasema imeisha na makubaliano yanasema nadaiwa, na zote mbili zina mkono wako. Hakimu atakuuliza swali lile lile aliloulizwa Kiroba hapo juu.

Ndugu wa Buguruni, usimpeleke polisi kwa ajili ya deni. Deni ni la madai, polisi hawakusanyi wala hawaamui nani kalipa. Na ndiyo maana vitisho vya "tutakuja na askari" havina miguu. Mkopeshaji hana ruhusa ya kuingia kwenye kibanda na kubeba cherehani kwa neno lake mwenyewe. Ni mpaka mahakama iamue na itoe amri, au kitu chenyewe kiwe ni dhamana iliyoandikwa kwenye mkataba. Cherehani zako hazikuwa dhamana, dhamana ilikuwa kadi, nayo imerudi. Wakija, mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe, waombe amri ya mahakama, waandike majina yao. Bila amri, kinachoendelea pale ni kosa lao, na hapo sasa polisi wanahusika.

Kuhusu fedha zilizokwenda kwa yule kijana. Watakuambia, "Hiyo ulimpa yeye, si sisi." Usiyumbe. Kampuni ndiyo iliyomtuma kwako kila Jumatatu, ndiyo iliyompa kitabu na kitambulisho, na kwa miezi minne ilipokea kila alichoandika bila kulalamika. Alichopokea amekipokea kwa niaba yao. Kama hakukifikisha, wao wadaiane naye. Niseme ukweli lakini: lipa namba ni ushahidi mgumu kuliko namba binafsi, na namba binafsi ni bora kuliko mkononi. Ndiyo maana ile ya tarehe 26 itabebwa na kitabu. Usikifungue fungue tena, kiache kikauke, kipige picha kila ukurasa kwenye mwanga wa mchana, halafu kisiondoke mikononi mwako. Ofisini unapeleka kopi. Hata wakikuambia wanataka "kukihakiki" na watarudisha saa nane, wanapewa kopi.

Halafu andika barua. Mambo yote uliyoyasema kwa simu hayapo, hakuna atakayekubali kwamba uliyasema. Barua iwe fupi, isigombane. Unaweza kuanza na hii ukabadilisha:

"Meneja wa Tawi. Yah: Kupinga madai ya shilingi 347,000. Mimi mwenye jina hapo juu nilikopeshwa na kampuni yenu shilingi 900,000 mwezi Agosti 2023. Nililipa marejesho yote 24, la mwisho tarehe 22 Januari 2024, na tarehe 25 Januari 2024 ofisi yenu ilinirudishia dhamana yangu, kadi ya pikipiki. Deni hili silitambui. Naomba mnipatie taarifa kamili ya mkopo wangu inayoonyesha kila rejesho, kopi ya ukurasa wa daftari la kurudisha dhamana, kopi ya barua iliyompa mkusanyaji wenu mamlaka ya kunidai, na barua ya kuthibitisha kuwa nimemaliza deni. Naomba pia mawasiliano yote kuhusu jambo hili yawe kwa maandishi kwangu mimi, na msiwasiliane tena na ndugu wala wateja wangu. Nimeambatanisha kopi za vielelezo."

Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanagonga muhuri wa kupokea na tarehe, unarudi nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa njia ambayo utabaki na risiti. Usiondoke bila kitu mkononi, hapo ndipo ulipokosea mara ya kwanza, na si kosa la aibu, wengi tunalifanya.

Wasipojibu au wakijibu ovyo, unapanda ngazi. Kampuni za mikopo za aina hii ziko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, zinapewa leseni na kusimamiwa na Benki Kuu. Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja, ila watataka kuona kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe, ndiyo maana ule muhuri wa kupokea ni mali. Angalia pia kama jina la kampuni lipo kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Ofisi zao za Dar ziko Mtaa wa Mirambo.

Na ile ya kumtumia meseji mama mkwe na Mwalimu Mkuu, usiichukulie kama ukorofi tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Namba uliziandika kwa ajili ya dharura ya mawasiliano, hukutoa ruhusa ya kutangaziwa deni. Waombe wote wawili wasifute zile meseji, wakutumie picha ya kioo inayoonyesha namba na tarehe. Vitisho vya kwenye simu vina kosa lake pia, kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Kama kuandika kunakuelemea, vituo vya msaada wa kisheria hapa mjini havitozi. Njoo na kopo lako la vifungo.

Bibi Harusi 88 akajibu:

Mwalimu Mkuu mfuate wewe, usisubiri akuulize. Mtu mzima akinyamaza hivyo anasubiri umweleze mwenyewe. Nenda na kitabu.

FundiSare wa Tandika aliandika, baada ya siku tano:

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Nimewasoma wote na mume wangu tukiwa tumekaa kitandani, alikuwa ananisomea kwa sauti. Alipofika kwa Kiroba akanyamaza, akasema, "Basi hatulipi."

Ijumaa hawakuja. Nilishinda kibandani tangu saa kumi na mbili asubuhi, mwenyekiti wa mtaa nilikuwa nimeshamwarifu, vijana wa bodaboda wa kijiweni walikuwa wanapita pita. Kila gari dogo la mizigo lililopunguza mwendo, mguu wangu ulikuwa unatetemeka kwenye pedali. Hakuna aliyeshuka.

Jumamosi nilikwenda duka la mtandao wangu na kitambulisho. Foleni ndefu, lakini nilitoka na karatasi tatu zenye muhuri. Ndugu zangu, tarehe 4, tarehe 11 na tarehe 18 Desemba 2023 zote zipo. 45,000, 45,000, 45,000, na jina kamili la yule kijana. Ile 18 ambayo kitabuni imefutika kabisa, karatasini ipo na dakika yake, saa 4:12 asubuhi. Nilikaa kwenye ngazi za nje pale nikalia. Nadhani nilikuwa nimeshaanza kujitilia shaka mwenyewe, kwamba labda kweli sikulipa nimesahau. Mtu akikudai kwa sauti ya uhakika siku kumi na nne, unaanza kuhesabu upya maisha yako.

Jumatatu nikapeleka barua. Yule dada wa mapokezi hayupo, yupo mwingine. Akasema niiache mezani, meneja ataiona. Nikamwambia naomba ugonge muhuri nakala yangu, nitasubiri. Akasema muhuri uko kwa meneja. Nikakaa. Nilikuwa nimebeba sketi ya kupinda, nikawa napinda pale kwenye benchi, sikugombana na mtu. Baada ya saa moja na nusu meneja mwenyewe akatoka, akasoma akiwa amesimama mlangoni, akagonga. Aliponiona nina kopi za kitabu akaniomba kitabu chenyewe akakiangalie ndani. Nikasema kitabu kipo nyumbani, kopi ndizo hizo. Kaka Msaidizi wa Sheria, uliota?

Nilikuwa Field akajibu:

Umefanya vizuri dada. Sasa wakikupa barua ya kumaliza deni, hakikisha ina namba ya mkopo, kiasi ulichokopa, tarehe ya kumaliza, na maneno kwamba huna salio lolote, faini ikiwemo. Neno faini lisikosekane. Na waombe warekebishe taarifa zako walizopeleka kwenye taasisi za taarifa za mikopo. Wakopeshaji wanapeleka huko majina ya wadaiwa, na siku utakapokwenda benki ukitaka mkopo wa mashine mpya, deni hili litakuwa limekutangulia mlangoni.

Kiroba Cha Chumvi akajibu:

Mama, saa 4:12 asubuhi. Nimesoma hapo mara tatu.

FundiSare wa Tandika aliandika, baada ya wiki tatu:

Narudi kuwapa majibu kama nilivyoahidi.

Siku kumi zilipita kimya, hakuna simu wala meseji kwangu wala kwa mama mkwe. Kisha nikaitwa ofisini. Meneja alikuwa na taarifa ya mkopo wangu, ikawa kama Nilikuwa Field alivyosema: Novemba ipo, Desemba nyeupe kabisa, Januari imeendelea. Nikaweka karatasi za mtandao pembeni yake. Akaangalia zile tatu akasema hizi sawa, lakini ya tarehe 26 hana uthibitisho, nilipe hiyo moja 45,000 tu tufunge faili.

Nikiri kwamba nilitikisika. Elfu arobaini na tano baada ya laki tatu ilionekana ndogo, na pochi nilikuwa nayo mapajani. Mume wangu ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti. Alimwuliza meneja, "Daftari la kurudisha dhamana liko wapi?" Meneja akasema daftari la mwaka ule liko stoo. Mume wangu akasema tunasubiri. Likaletwa, tukafungua pamoja, tarehe 25 Januari 2024, jina langu, saini yangu, saini ya mume wangu, na chini yake saini ya aliyekuwa meneja wakati ule, na safu ya salio imeandikwa sifuri. Sifuri kwa mkono, imezungushiwa duara. Tukabaki tunaiangalia sote watatu.

Barua nimepewa Jumatano iliyofuata. Ina namba ya mkopo na neno faini lipo, nililisoma mara mbili kabla ya kusaini kupokea. Kuhusu taarifa za mikopo wameandika kwamba watarekebisha, hilo nitalifuatilia mwezi ujao niombe taarifa yangu nione mwenyewe kama wamefanya. Kuhusu meseji walizotuma kwa watu wangu, meneja aliomba radhi kwa mdomo. Nimemwambia nataka kwa maandishi kwa sababu waliotumiwa walitumiwa kwa maandishi. Hajajibu. Malalamiko ya Tume nimeshayaandika, Msaidizi wa Sheria amenisaidia, tukifika mwisho wa mwezi bila radhi nayapeleka.

Yule kijana sijui yuko wapi. Hasira naye ninayo, lakini nikikumbuka alivyoandika IMEISHA akapiga mistari miwili, nadhani alijua anachokifanya na alitaka angalau hiyo nibaki nayo. Labda najifariji.

Barua nimeitoa kopi nne. Moja Mkuranga, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja nimeibandika ndani ya kabati la nguo. Ya nne nimempelekea Mwalimu Mkuu mwenyewe mkononi, pamoja na kitabu, kama Bibi Harusi alivyoniambia. Aliisoma amesimama, akafungua kitabu ukurasa wa Desemba, akapitisha kidole pale palipofutika. Kisha akanirudishia, akaniuliza watoto wa darasa la kwanza nitakuja kuwapima lini.